MAHATMA GANDHI NA DAFTARI LA FEDHA ZA WATU

Kila Diwali, sisi wafanyabiashara wa asili ya Gujarat huviweka vitabu vyetu vya hesabu, chopda, mbele ya picha ya Mama Lakshmi. Huvipaka kumkum, huandika Shubh na Labh, yaani heri na faida, kisha huufungua mwaka mpya kwa ukurasa mweupe. Wazee wetu walitufundisha kwamba heri imetangulizwa mbele ya faida kwa makusudi. Waswahili nao, ambao tumeishi pamoja nao vizazi na vizazi, wana usemi wao juu ya jambo hilo hilo: mali bila daftari huisha bila habari.

Kamati ya maadhimisho iliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri kwa ajili ya kitabu hiki cha kumbukumbu ya hekalu letu, nilimchagua Mohandas Karamchand Gandhi. Mengi yamekwisha andikwa juu ya mapambano yake dhidi ya utawala wa Waingereza, juu ya mifungo yake na gurudumu lake la kusokotea pamba. Mimi nitamweleza kwa upande ambao mfanyabiashara huuona kwanza: jinsi alivyozipokea, alivyozitunza na alivyozitolea hesabu fedha ambazo hazikuwa zake.

Ninayo sababu ya kufanya hivyo. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa na duka Rungwa, kwenye barabara itokayo Itigi kuelekea Makongolosi na Mbeya, walikuja watu wenye kitabu cha michango, wakasema watachimba kisima. Tulichanga. Warina asali ambao hawakuwa na fedha taslimu walileta asali yao kwa madebe. Mimi niliinunua, na thamani yake ikaandikwa kuwa mchango wao. Hatukupewa stakabadhi, na kwa kuwa waliokuja walikuwa watu wa heshima, tuliona haya kuziomba. Kisima hakikuchimbwa. Baada ya miaka michache walikuja wengine, wakweli, wakiomba mchango wa madawati ya shule. Wanakijiji waliwasikiliza kwa adabu, kisha wakarejea mashambani bila kutoa kitu. Hasara ya kisima kile waliilipa watoto walioendelea kuketi sakafuni. Tangu siku hiyo, kila nisomapo habari za Gandhiji, jicho langu huangukia kwenye daftari.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 huko Porbandar, mji wa bandari katika rasi ya Kathiawar, katika ukoo wa Kibania. Baba yake, Karamchand, alikuwa diwani, yaani waziri mkuu wa dola ndogo ya hapo, naye alifariki akiwa ameacha mali kidogo kwa sababu hakuitamani. Mama yake, Putlibai, alikuwa mtu wa nadhiri. Akisha kuahidi mbele ya Mungu hakurudi nyuma, hata akiwa mgonjwa. Mtoto aliyekulia kati ya wawili hao alijifunza mapema kwamba ahadi ni deni.

Mwaka 1888 alikwenda London kusomea sheria, kwa gharama ambayo familia yake iliimudu kwa taabu. Kwanza alivutwa na mavazi na anasa za mji mkubwa. Kisha akajirudi. Akaanza kuandika kila senti aliyoitumia: nauli ya basi, stempu, gazeti, na kila usiku kabla ya kulala alifunga hesabu na kuhakikisha kwamba fedha iliyobaki mfukoni inalingana na ile iliyoandikwa. Baadaye, mamilioni ya rupia za umma yalipopita mikononi mwake, alisema kwamba ni tabia ile ya ujana iliyomwezesha kuziongoza harakati zake zote bila madeni, mara nyingi zikiwa na akiba.

Alirudi India mwaka 1891, akawa wakili asiyepata kesi. Ndipo kampuni ya Dada Abdulla, Mwislamu wa Porbandar aliyefanya biashara Natal, ilipomwita Afrika Kusini kwa mkataba wa mwaka mmoja, kwa malipo ya pauni 105 na nauli. Aliondoka Bombay mwezi Aprili 1893, na njia yake ilipita pwani yetu. Meli ilitia nanga Lamu kwa saa chache. Alishuka, akakutana na makarani Wahindi waliokuwa wakifanya kazi posta, na nusura aachwe na meli kwa sababu ya nguvu ya mkondo wa maji. Akapita Mombasa, kisha akakaa Zanzibar zaidi ya wiki moja akisubiri meli nyingine. Hakuna aliyemtambua. Alikuwa kijana wa miaka 23 mwenye haya, asiyeweza kusimama mahakamani na kuzungumza.

Kisa cha kutupwa nje ya behewa katika kituo cha Pietermaritzburg kinajulikana na kila mtoto. Kisichojulikana sana ni mwisho wa kesi iliyompeleka huko. Dada Abdulla alikuwa akimdai ndugu yake, Tyeb Sheth, pauni 40,000. Gandhiji aliona kwamba mawakili watawamaliza wote wawili, akawashawishi wakubali msuluhishi. Msuluhishi aliamua Tyeb alipe pauni 37,000 pamoja na gharama. Kulipa zote kwa mara moja kungemfilisi, na kwa wafanyabiashara wa Porbandar kufilisika kulikuwa kubaya kuliko kifo. Gandhiji alifanya kazi kubwa zaidi kumwomba mshindi akubali kulipwa kwa mafungu madogo ya muda mrefu kuliko aliyoifanya kuwashawishi wakubali msuluhishi. Dada Abdulla alikubali, na heshima za wote wawili zikapanda. Kwa njia hiyo wakili kijana alianza kuaminiwa.

Mwaka 1894 Bunge la Natal lilileta mswada wa kuwanyima Wahindi haki ya kupiga kura, nao wafanyabiashara wakamwomba abaki awaongoze. Alikubali kwa sharti moja: hatapokea mshahara kwa kazi ya umma. Wafanyabiashara wapatao ishirini walimpa kazi zao za kisheria ili apate riziki yake. Kisha ikaanzishwa Natal Indian Congress, yeye akiwa katibu. Kiingilio kilikuwa shilingi 5 kwa mwezi kwa uchache, na wenye uwezo waliombwa watoe zaidi.

Hapo alijifunza jambo ambalo kila mweka hazina wa jumuiya analifahamu. Watu waliahidi kwa moyo mkunjufu, lakini kukusanya kila mwezi kuliwachosha wakusanyaji na watoaji pia. Ada ikageuzwa ya mwaka, pauni 3 kwa uchache. Akaweka pia kanuni ya kutofanya kazi ya umma kwa fedha za kukopa. Aliona kwamba ahadi ya mtu unaweza kuitegemea katika mambo mengi, isipokuwa katika fedha. Basi kisichokuwepo mkononi hakikutumika.

Kuhusu stakabadhi alikuwa mkali. Waliotoa kiasi kidogo hawakujali kupewa karatasi, na wengine waliona ni usumbufu. Yeye alishikilia kwamba kila senti iwe na stakabadhi, hata kama mtoaji hakuiomba. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, alipoandika maisha yake, aliweza kusema bila hofu kwamba vitabu vya mwaka 1894 bila shaka vingekutwa vimekamilika katika kumbukumbu za chama. Kwake hesabu safi ilikuwa sehemu ya ukweli wenyewe. Chama kisichoweza kuonyesha hesabu kimekwisha anza kusema uongo, hata kama hakuna aliyeiba.

Hata hivyo asidhaniwe kuwa alikuwa mpole kwa watoaji. Usiku mmoja huko Tongaat, yeye na wenzake walifika kwa mfanyabiashara waliyemtarajia atoe pauni 6. Mwenyeji akasema 3 na si zaidi. Wangezipokea, wengine wote wangefuata mfano huo. Chakula kilikuwa tayari na wageni walikuwa na njaa, lakini walikataa kula. Wenzake walichemka kwa hasira wakaizuia. Walikesha hivyo hivyo, kila upande ukiwa umeshikilia neno lake, hadi kulipopambazuka mwenyeji akatoa pauni 6 na kuwakaribisha mezani. Mtu asingeweza kukesha namna ile akiomba kwa ajili ya mfuko wake mwenyewe. Mwenyeji alijua fedha inakokwenda, na ndiyo maana hakuwafukuza.

Miaka hiyo hiyo pwani yetu ilikuwa na mfano wake. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwismailia wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake kwa ajili ya shule na hospitali za watu wa kila kabila na dini. Hadi leo jina lake lingali juu ya wodi katika Hospitali ya Muhimbili. Wagonjwa wanaolazwa humo wengi hawamjui alikuwa nani, lakini zawadi yake ingali inasemwa kila siku.

Mwaka 1901 Gandhiji alijiandaa kurudi India. Wahindi wa Natal walimwaga zawadi: saa za dhahabu, pete za almasi, na mkufu wa dhahabu wa gini 50 kwa ajili ya mkewe, Kasturba. Usiku ule hakulala. Alitembea chumbani akijiuliza: je, hizi ni malipo ya utumishi wangu? Na kama utumishi ulikuwa wa umma, zawadi ni za nani? Kabla ya asubuhi alikuwa ameandika waraka wa kuziweka zote chini ya wadhamini, Parsi Rustomji akiwa mmojawapo, kwa matumizi ya jumuiya.

Watoto walikubali upesi. Kasturba alikataa, akalia. Alisema kwamba hataki kuvaa mwenyewe, lakini wakwe zake wa baadaye watavaa nini? Na huo utumishi anaousema mumewe, je, yeye hakuutumikia pia, kwa kuwapikia na kuwahudumia wageni usiku na mchana? Maneno yake yalikuwa ya haki, na mumewe alikiri kwamba yalimchoma. Lakini vito vilikwenda benki kwa jina la jumuiya. Nimewahi kuona kamati ambamo zawadi ya kiongozi na mali ya chama zimechanganyika hata wenyewe hawajui mpaka uko wapi. Gandhiji aliuchora mpaka huo ndani ya nyumba yake, na gharama yake aliilipa pia mkewe.

Hakuwa mtu asiyekosea. Huko Johannesburg, mteja wake mmoja aitwaye Badri, aliyekuja Afrika Kusini kama kibarua wa mkataba, alimwekea fedha zake kwa kumwamini. Gandhiji alikuwa na shauku ya mkahawa wa wasiokula nyama uliokuwa ukihitaji mtaji. Alimwomba Badri ruhusa, naye Badri, asiyejua mambo ya mkahawa, akajibu kwamba afanye apendavyo. Pauni 1,000 zikakopeshwa. Baada ya miezi miwili au mitatu ikawa wazi kwamba hazitarudi. Gandhiji alizilipa zote kutoka mfukoni mwake. Rafiki mmoja alimwonya kwamba akizoea kuwapa watu fedha za wateja kwa ajili ya mambo ayapendayo yeye, atawafilisi wateja na kuiua kazi yake ya umma. Alilikubali onyo hilo na kuliandika wazi ili wote walisome. Ruhusa ya mtu anayekuamini kupita kiasi haitoshi kuwa ruhusa.

Jambo jingine lilimfundisha kwa uchungu. Alipokuwa Natal alifurahi kuona chama kikikusanya karibu pauni 5,000 na kununua majengo, ili kodi ya pango igharimie shughuli. Baada ya yeye kuondoka wadhamini waligombana, na kodi ile ikaishia kuhifadhiwa mahakamani. Tangu hapo aliamini kwamba taasisi ya umma isiishi kwa mfuko wa kudumu. Iishi kama mti, kwa mvua ya kila mwaka: watu wakiridhika wachangie, wasiporidhika taasisi ijue. Aliona kwamba chama chenye mapato yasiyotegemea tena mkono wa watu huacha kuwasikiliza watu hao. Najua wako miongoni mwetu wanaotamani hekalu lijengewe maduka ya kupangisha ili lisiombe tena. Mimi nami nimewahi kulisema hilo mkutanoni. Leo sina hakika kama zamani.

Mwaka 1909 Ratan Tata alichangia rupia 25,000 kwa ajili ya Wahindi waliokuwa wakifungwa Transvaal. Familia za wafungwa zilikuwa zikipewa posho ya kila mwezi, lakini ilikuwa vigumu kujua nani anahitaji kiasi gani, na waaminifu walipata hasara mbele ya wajanja. Mwaka 1910 Hermann Kallenbach alitoa shamba lake la ekari 1,100 karibu na Johannesburg, likaitwa Tolstoy Farm. Familia zilihamia huko zikafanya kazi na kula jiko moja. Gharama ilishuka, na malalamiko ya nani kapewa zaidi yakaisha.

Aliporudi India, mwaka 1915 alianzisha ashram huko Kochrab, Ahmedabad, kwa msaada wa matajiri wa mji. Baada ya miezi michache aliipokea familia ya Dudabhai, mkewe Danibehn na binti yao Lakshmi, watu ambao jamii iliwaita wasioguswa. Matajiri wakakata michango. Jamaa yake Maganlal alimwarifu kwamba mwezi ujao hakuna fedha. Gandhiji alijibu kwamba watahamia mtaa wa maskini hao na kuishi kwa kazi ya mikono. Siku chache baadaye gari lilisimama mlangoni. Tajiri ambaye alikuwa amekutana naye mara moja tu alimuuliza kama atapokea msaada. Kesho yake akaja, akamkabidhi rupia 13,000 na kuondoka bila kuingia ndani wala kuweka sharti. Nimekitafakari kisa hiki mara nyingi. Matajiri wa kwanza walidhani mchango ni hisa ya kampuni, na kwamba mwenye hisa ana kura. Yule wa pili alielewa kwamba mtoaji ana haki ya kuona hesabu, na hana haki ya kuinunua dhamiri ya taasisi. Katika mahekalu yetu mambo haya mawili huchanganywa sana.

Baadaye fedha zilikuja kwa kiasi ambacho hakuna aliyekitarajia. Mwaka 1921 mfuko wa kumbukumbu ya Tilak ulikusanya rupia milioni 10. Kati ya Novemba 1933 na katikati ya 1934 alisafiri maili 12,500 akiomba kwa ajili ya Harijan, akapata karibu laki nane. Wanawake walivua bangili zao, na mtu aliyetaka saini yake alilipa rupia 5 kwa mfuko huo.

Hata hivyo kisa ninachokikumbuka zaidi ni cha rupia 4. Mwaka 1929 iligundulika kwamba Kasturba alikuwa amepokea rupia 4 kutoka kwa wageni na hakuzikabidhi ofisini mwa ashram. Gandhiji alilitangaza jambo hilo katika gazeti lake mwenyewe, kwa majuto, pamoja na makosa mengine ya watu wa karibu naye. Wengi waliona amekuwa mkatili kwa mama aliyemtumikia maisha yake yote, na mimi nisemapo ukweli siwezi kuisoma habari hiyo bila kumhurumia mama yule. Lakini fikirini ndugu zangu: baada ya tangazo lile, ni nani katika India nzima angethubutu kusema kwamba fedha za Mahatma hupotelea kwa jamaa zake?

Aliuawa mjini Delhi tarehe 30 Januari 1948 akielekea kwenye sala ya jioni. Vitu vyake vilikuwa vichache, miwani, kandambili, saa, bakuli. Wahindi wa Afrika Mashariki walichanga kujenga chuo cha kumkumbuka. Serikali ilipokuwa inajenga Royal Technical College mjini Nairobi, waliotunza mchango huo walikubaliana mwaka 1954 kuuunganisha na chuo hicho, ili vijana wa kila rangi wasome pamoja. Chuo hicho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi, na sanamu ya Gandhiji imo humo.

Nimemaliza maisha yake. Sasa niseme neno moja juu ya yetu. Hekalu hili limejengwa kwa fedha za watu wengi, baadhi yao wakiwa mbali kama nilivyokuwa Rungwa, waliotuma mchango kwa dereva wa lori na kuamini umefika. Ninapendekeza kwamba Diwali ijayo vitabu vya hekalu viwekwe mbele ya Mama Lakshmi kama ilivyo desturi, na baada ya puja vihamishiwe kwenye meza karibu na mlango, vikae wazi siku nzima, mhasibu akiwa kando yake, na kila aliyechangia, tajiri au maskini, aweze kufunua ukurasa na kuuliza. Mimi kwa miaka yote nimetoa bila kuomba stakabadhi, nikidhani huo ni ungwana. Mwaka huu nitaiomba, na ninamsihi mweka hazina wetu asione vibaya.

Om Shanti.